Sifa za Kitabu cha Parameta

Naomba nafasi nikisifu kitabu ambacho sijapata kumwona mtu aliyekisoma hadi mwisho, nami nikiwemo. Kina kurasa mia saba na ushei, uzito wa tofali la kuchoma, na jalada ambalo rangi yake ya asili imebaki siri kati yake na grisi. Makazi yake ni juu ya kabati la vifaa katika karakana yetu, Chang'ombe, Dar es Salaam. Hushushwa mara mbili tatu kwa mwaka, na kila kinaposhushwa wanagenzi hukumbuka ghafla kazi walizoziacha nje.

Kwa asiyezijua mashine za CNC, niseme machache. Leti ya kawaida huendeshwa kwa mkono: fundi anazungusha gurudumu, anasoma alama, anakata. Ya CNC inaendeshwa na kompyuta iliyo ndani ya kabati lake, nasi tunaiita kontrola. Unaiandikia programu kwa herufi na namba: G00 nenda mbio, G01 nenda ukikata, M03 zungusha, M30 mwisho. Hiyo ni sehemu nyepesi, mwanagenzi anaishika kwa wiki mbili. Nyuma ya programu ndiko ziliko parameta, maelfu ya namba alizoziweka aliyeijenga mashine, zinazoiambia ina mihimili mingapi, kila mhimili uishie wapi, mota ijisahihishe kwa ukali gani. Bila namba hizo, tani nne za chuma ni kabati tu. Kitabu ninachokisifu ndicho kinachoeleza maana ya kila namba, nacho kinaeleza kama mzee wa ukoo anavyoeleza mipaka ya shamba: anataja mwembe, anataja kisima, yaliyobaki ujaze mwenyewe.

Watu hukilaumu kwamba hakieleweki. Mimi nakiona kina adabu kuliko watu wengi ninaowajua. Popote ambapo kosa lako laweza kuleta maafa, hukutaarifu kwa upole kwamba huenda mashine ikaenenda tofauti na ulivyotarajia. Hakiongezi neno. Meza ya chuma yenye uzito wa ng'ombe wawili ikija kwa mwendo wa mita ishirini kwa dakika kuelekea kitovu chako, hiyo ndiyo tofauti inayosemwa. Nionyesheni mshenga wa pwani anayeweza kulifunika jambo zito kwa kitambaa chepesi namna hiyo.

Tena kina moyo wa kukutembeza kwa majirani. Mashine hizi zina wazazi wawili: mmoja ametengeneza kontrola, ambayo ndiyo akili, na mwingine ametengeneza chuma, milango, pampu na swichi, ambavyo ndivyo mwili. Kila mzazi ameandika kitabu chake. Ukiuliza kitabu cha akili kuhusu taa fulani nyekundu, kinakuelekeza kwenye kitabu cha mwili. Ukifika huko, kitabu cha mwili kinakupa salamu na kukurudisha kwenye kitabu cha akili. Nimewahi kutembea kati ya hivyo viwili asubuhi nzima, kwa heshima zote, kama mtu anayefuatilia hati ya kiwanja. Saa sita mchana taa ikazimika yenyewe. Sijui hadi leo ni kitabu kipi kati ya hivyo nikishukuru.

Na utamaduni wetu wa vitendawili, ambao tunalia kwamba watoto wameuacha kwa sababu ya simu, nani anauhifadhi? Kitendawili! Tega! Nyumba moja, vyumba sita, wapangaji watatu wasiosalimiana. Umeshindwa? Nipe mji. Jibu ni P010060, katika amri ya G76 inayokata thredi kwenye leti. Inaonekana namba moja, kumbe ni tatu zimelazwa kitanda kimoja: 01 ni idadi ya mapito ya kumalizia, 00 ni namna kisu kitakavyotoka mwisho wa thredi, 60 ni nyuzi za pembe ya kisu. Kitabu hakiweki hata nafasi ya kupumua kati yao. Halafu katika mstari unaofuata kuna P nyingine, ambayo sasa ni kina cha thredi, nayo inahesabiwa kwa maikroni na haitaki nukta. Pembeni yake kuna R inayoikubali nukta vizuri tu. Anayekosea anatoa mji, na mji wenyewe ni kisu cha kabaidi, ambacho hakiuzwi dukani kwa mangi.

Wenzetu waliosoma chuo cha Kurani wana nafuu moja. Parameta nyingi zina biti nane, sifuri au moja, zilizopangwa mstari mmoja. Biti ya kwanza haiitwi ya kwanza, inaitwa sifuri, nayo iko mwisho kabisa mkono wa kulia. Unahesabu kwenda kushoto mpaka ufike saba. Wanagenzi waliopita shule tu wanaanzia kushoto, wanabadilisha biti ya saba wakidhani ni sifuri, na hapo shughuli inaanza. Aliyeanza maisha na juzuu ya Amma macho yake yanakwenda kulia bila kuambiwa. Nimeshuhudia jambo hili kwa wanagenzi watatu, nikaona vema nilitaje.

Nukta nayo nimefundishwa na kitabu hiki kuiheshimu kuliko koma zote za shuleni. Katika kontrola ya aina yetu, ukiandika X10 bila nukta, mashine inaelewa maikroni kumi, yaani sehemu ya mia moja ya milimita. Ukiandika X10. yenye nukta, ni milimita kumi. Nukta moja imebeba elfu moja. Iko biti moja inayoligeuza jambo hili, ili namba isiyo na nukta nayo ihesabiwe kuwa milimita. Kitabu kinaitaja kwa mstari mmoja na nusu. Katika mwaka wangu wa pili kazini nikaiona, nikasema hii ni rehema, nikaiwasha bila kumwambia mtu. Kesho yake mwenzangu akaita programu ya zamani iliyoandikwa Z-5000, akikusudia milimita tano. Mashine ikasikia mita tano kwenda chini. Drili ya milimita 10 ikapita kipande cha mteja, ikaingia kwenye jiriwa, ikakatika kwa mlio ambao mpishi wa ng'ambo ya barabara alitoka nje kuuangalia. Kitabu hakikusema neno. Kilikuwa kimeshasema, mstari mmoja na nusu.

Halafu kuna ulinzi wake. Kwenye kontrola nyingi za Fanuc, kampuni ya Kijapani, huwezi kugusa parameta mpaka kwanza ufungue ruhusa ya kuandika kwenye ukurasa maalumu wa skrini. Unaifungua. Papo hapo mashine inatoa alamu namba 100, ya kwamba ruhusa ya kuandika imefunguliwa. Mlinzi amekufungulia geti kwa funguo zake mwenyewe, na huku anapuliza filimbi ya mwizi. Inabidi umtulize kwa kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, ndipo uingie. Mgeni hushtuka. Mimi nimezoea, na siku nyingine naona kuwa maofisi yetu yangelindwa hivyo tungeiba kidogo zaidi ya hapa, lakini kwa aibu.

Lugha hii ya herufi na namba haikuzuka kwa ukatili. Mmarekani John Parsons, wa Traverse City katika jimbo la Michigan, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, na umbo la panga lilihitaji vipimo vingi kuliko mkono wa mtu unavyoweza kufuata. Wazo lake la kuongoza mashine kwa namba likagharimiwa na jeshi la anga la Marekani, likafika chuo cha MIT, na mwaka 1952 mashine ya kwanza ya namna hiyo ikaonyeshwa ikifanya kazi. Amri zilitobolewa kwenye utepe wa karatasi, tundu kwa tundu. Kwenye utepe huna pa kuwekea hotuba, ndiyo sababu tunaandika M08 badala ya kuiomba mashine ifungulie maji ya kupoza. Hata alama ya asilimia tunayoiweka mwanzo na mwisho wa programu haina uhusiano na asilimia yoyote. Kazi yake ilikuwa kuonyesha mahali utepe usimame ukirudishwa nyuma. Utepe umekufa zamani. Alama bado inalinda kaburi, na ukiisahau unapotuma programu kwa kebo, kontrola ya zamani haikupokei.

Huko Japani, Seiuemon Inaba na wenzake ndani ya kampuni ya Fujitsu wakaunda kontrola yao mwaka 1956, na mwaka 1972 kitengo hicho kikajitenga kikawa Fanuc, ambayo leo makao yake yako chini ya mlima Fuji. Kwa njia kama hiyo vitabu vya karakana nyingi za hapa kwetu vimepata nasaba ndefu. Sentensi imezaliwa Kijapani, ikahamia Kiingereza ikiwa mtu mzima, ikafika Chang'ombe imechoka, na hapo ndipo tunaitaka iseme Kiswahili na mwanagenzi. Haishangazi kwamba inanong'ona.

Chetu kimepita njia ya mbali zaidi, maana mashine tuliinunua ya mtumba, nayo ilishafanya kazi Italia. Fundi aliyetutangulia ameandika kwa penseli pembezoni mwa kurasa. Kiitaliano sikijui, ila najua kwamba mahali alipochora alama tatu za mshangao hapaguswi.

Sasa niwaambie siku kitabu kilipotukuka machoni pangu.

Kumbukumbu ya kontrola yetu inashikiliwa na betri. Betri ikifa, parameta zote zinakwenda nayo. Skrini ikaanza kumemetesha ilani ya betri, nasi watu tuliolelewa vizuri tukafanya kile ambacho kila fundi wa umeme amefundishwa tangu siku ya kwanza: tukazima mashine, tukashusha swichi kubwa ukutani, tukatundika kibao cha hatari, ndipo tukachomoa betri kwa amani. Tukaweka mpya. Tukawasha.

Mashine ikaamka kama mtu aliyezimia sokoni. Haikujua ina mihimili mingapi. Haikujua sifuri yake iko wapi. Iliorodhesha alamu mpaka skrini ikajaa, ikaanza ukurasa wa pili.

Ndani ya mlango wa kabati, aliyeijenga mashine alikuwa ameacha bahasha ya plastiki yenye kurasa kumi na nne za namba, nakala ya nakala, zimekunjwa mara nne. Hazikuwa na neno hata moja, ni namba tu. Tukakaa siku mbili. Binti mmoja aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo kutoka chuo cha ufundi alisoma, mimi nikabonyeza. Alisoma kwa mahadhi, kwa sababu namba ukizisoma bila mahadhi unasinzia: elfu moja mia nane kumi na tano, biti ya tano, moja, biti ya nne, sifuri. Wapita njia walidhani tuna kisomo.

Mchana wa siku ya pili sauti ikakatika.

"Fundi, hii ni tatu au nane?"

Mkunjo wa karatasi ulikuwa umepita juu ya tarakimu. Nikamwambia aipeleke kwenye mwanga.

"Ukiiangalia hivi ni tatu. Ukiinamisha ni nane."

"Aliyeiandika hakukusudia zote mbili."

"Basi chagua wewe, fundi. Mimi nipo fildi tu."

Ilikuwa parameta 1825. Nikafungua kitabu. Kinasema ni kiwango cha ukali wa servo, yaani mota ikikosea mahali inapotakiwa kuwa, ijirudi kwa haraka kiasi gani. Kikataja kizio chake, na mipaka ya chini na ya juu, na mipaka hiyo ni mipana kiasi kwamba 3000 na 8000 wote wanaingia humo na jamaa zao. Pembeni, kwa penseli, alama tatu za mshangao za yule Mtaliano. Nikaweka 8000.

Mhimili ukaanza kuvuma. Haukwenda popote, ulitetemeka mahali pamoja, na maji ya kupoza kwenye sinia lake yakafanya viduara vidogo vidogo kama ziwa linaloanza kunyeshewa. Spana iliyokuwa juu ya meza ikatembea yenyewe hadi ukingoni, ikaanguka. Binti akabonyeza kitufe chekundu kabla yangu. Tukaweka 3000. Kimya. Nikausogeza mhimili taratibu kwa gurudumu, ukaja kama droo ya kabati jipya.

Jioni mwenye karakana akapita. Akaangalia betri ya zamani iliyokuwa mezani.

"Mlizima kwanza?"

"Tulizima, mzee."

Hakusema kitu. Akakishusha kitabu, akalowesha kidole, akafungua sura ya matunzo, akanionyesha kisanduku chenye mistari minne. Betri ya kumbukumbu ibadilishwe mashine ikiwa imewashwa. Kilikuwepo siku zote. Nilirudi nyumbani usiku ule sina hata wa kumlalamikia.

Nimekutana pia na kijitabu cha namna nyingine, na haki inataka nikitaje. Rafiki yangu seremala wa Keko alinunua mashine ndogo ya kuchonga mbao, inayoendeshwa na programu ya bure iitwayo Grbl. Maelezo yake yalikuwa karatasi mbili. Parameta zake zimeandikwa na alama ya dola mbele, $100 ikiwa ni idadi ya hatua ambazo mota inapiga kwa kila milimita ya mhimili X. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, kila hatua imegawanywa mara 8, skrubu inasogea milimita 5 kwa mzunguko. Zidisha, gawanya, unapata 320. Alipoiamuru iende milimita 100, ikaenda 98, maana skrubu yake haikuwa na kipimo kilichoandikwa kwenye boksi. Akazidisha 320 kwa 100, akagawanya kwa 98, akaweka 326.53. Ikakaa sawa. Alifanya yote hayo peke yake, akiwa amekaa juu ya kibao cha mninga, na soda mkononi. Alinipigia simu kunisimulia tu.

Sikufurahi. Nilikaa na simu mkononi nikifikiri: kama vitabu vyote vingeandikwa hivi, mimi ningeitwa wapi? Nani angenitumia nauli ya kwenda Morogoro kwa sababu leti yake imegoma kurudi kwenye sifuri? Kuna mteja mmoja ambaye nimemlipisha mara tatu kwa biti ileile. Ada za mwanangu wa kwanza zimelipwa na sura ya saba. Paa la nyumba yangu, bati za mbele, ni kazi ya alamu 300, inayodai mhimili urudishwe kwenye asili yake. Bati za nyuma bado. Nangoja betri za watu.

Ukisikia basi fundi anakilaani kitabu cha parameta mbele ya mteja, usimwamini. Anakitukana kama wachuuzi wanavyotukana jua. Jambo moja tu ninalokilaumu kwa dhati, nalo ni kwamba katika miaka yote niliyokaa nacho sijakikuta kimesema uongo. Kila tulipogombana, mwisho wa siku mwenye kosa nilikuwa mimi. Rafiki wa namna hiyo anachosha.

Kitabu chenyewe hakipo juu ya kabati sasa. Kuna mtu alikiazima mwezi wa Ramadhani, akasema ni kwa siku moja. Kina mkanda wa gundi wa kahawia mgongoni, na duara la kikombe cha chai kwenye sura ya servo. Uliyenacho, kirudishe. Betri ya mashine yetu inatakiwa kubadilishwa kila mwaka, na ya safari hii niliiweka mwezi Machi mwaka jana.